Je, wajua kwa nini mtu hutengeneza pua ili apate pesa?

Hebu jitazame kwenye kioo. Ncha ya pua yako ina nyama au imechongoka? Matundu yanaonekana ukitazamwa kwa mbele? Kwa msoma uso wa Kichina, hapo ndipo mali yako ilipo. Pua nene yenye matundu yaliyojificha hutunza fedha. Matundu yakiwa wazi, kipato hupita kama maji kwenye pakacha.

Elimu hiyo ya kusoma bahati ya mtu usoni huitwa mianxiang, nayo ni kongwe: Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliandika sura nzima kuipinga. Hakufua dafu. Hadi leo paji la uso husomwa kuwa ujana, kuanzia nyusi hadi ncha ya pua utu uzima, na kidevu uzee. Ndewe nene na ndefu, yaani ile nyama laini ya chini ya sikio (ndiyo ile ya "hasikii la ndewe wala sikio"), ni baraka, kama za sanamu za Buddha. Doa jeusi chini ya jicho ni la machozi. Wanawake ndio walioonewa zaidi: mwenye mifupa ya mashavu iliyotokeza husemwa kwamba humletea mumewe mkosi, hata kifo.

Zamani ukiambiwa una uso wa nuksi, ulizeeka nao. Siku hizi kuna kliniki. China, na Korea Kusini ambako elimu hii huitwa gwansang, wapo wanaoondoa doa kwa leza, wanaopunguza mifupa ya mashavu, na wanaojaza paji au pua kwa sindano za asidi ya hayaluroniki. Asidi hiyo huyeyuka taratibu mwilini, kwa hiyo bahati nayo hulipiwa tena na tena.

Sasa kituko chenyewe. Katikati ya nyusi huitwa "jumba la uhai", na hutakiwa pawe laini, pasipo mikunjo. Hapo na puani ndipo madaktari wanapoogopa zaidi kuchoma sindano za kujaza, kwa sababu mishipa ya damu ya sehemu hizo imeungana na ya jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa inaweza kusukumwa kinyumenyume hadi kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mtu akapofuka papo hapo. Ndiyo maana kwa mikunjo ya katikati ya nyusi madaktari wengi hutumia botoksi, ambayo hulegeza msuli tu bila kujaza chochote.