Herufi moja tu, chikungunya ikapata mbu mwingine

Juzi nachungulia pipa la maji la mama mmoja pale Ngamiani, Tanga, akaniuliza, "Mwanangu, hivyo virusi mnavyosema vinajibadilisha, ndo vinakuwa vikali zaidi?" Pale nilimjibu juujuu, swali halijanitoka.

Si lazima viwe vikali mama. Mbu akishanyonya damu, kirusi kina muda mfupi tu wa kuingia kwenye ukuta wa utumbo wake, kikichelewa kinasagwa pamoja na ile damu. Kikiingia kizaliane, kitokee upande wa pili, kisambae mpaka kwenye tezi za mate, ambazo mi nikimpasua mbu kwenye darubini naziona kama vijiuzi vyeupe vinavyong'aa, na kisipofika pale basi, mbu atakung'ata weee na hakupi kirusi hicho.

Sasa chikungunya, ile homa ya virusi inayouma viungo, jina la Kimakonde hilo, ilitambuliwa kusini kwetu huko Newala mwaka 1952. Kirusi chake kina herufi za RNA, yaani maandishi ya urithi wake, kama 11,800 na kikijinakili hakina msahihishaji, kwahiyo makosa hayaishi, na mengi yanakidhoofisha chenyewe. Mwaka 2004 kililipuka Lamu, kikavuka Komoro, 2005 kikatua kisiwa cha Réunion ambako mbu aliyejaa ni Aedes albopictus, siyo Aedes aegypti huyu wa mapipa yetu. Hapo kosa moja likakibeba: herufi moja iligeuka, na kwenye E1, protini ya ganda la kirusi, nafasi ya 226, amino asidi (kipande cha kujengea protini) iitwayo alanini ikawa valini. Basi! Kikaanza kumwingia albopictus kwa dozi ndogo mno kuliko mwanzo, na aina hiyo ndani ya miezi michache ikazifunika nyingine, karibu theluthi ya watu wa kisiwa wakaugua.

Ila kinachoninyima usingizi ni hiki, badiliko lilelile kwa aegypti halikukiongezea kitu. Na virusi vya chikungunya vya ukoo wa Asia vilikaa miongo kadhaa katikati ya albopictus tele bila kunufaika nalo, kisa amino asidi nyingine kwenye E1 hiyohiyo, nafasi ya 98, inalizima. Yaani badiliko halina thamani mpaka uulize ndani ya mbu gani, na limekuta nini humo kwenye kirusi.

Kwenye pipa la yule mama viluwiluwi vilikuwa vya aegypti. Kwa mbu huyo chikungunya haikuwa na haja ya kubadilika hata herufi moja, kwahiyo tulilimwaga palepale, na vifuu vya nazi nyuma ya jiko tukavifunika kifudifudi.