Mwanzo wa Kiingereza uliolingana katika sataranji

Wengi wetu tuliojifunzia sataranji barazani, hapa Mji wa Kale, tulianza kwa kusogeza kitunda cha mbele ya mfalme hadi e4 (herufi hutaja safu ya wima, namba safu ya mlalo) na kugombania kati moja kwa moja. Mwanzo wa Kiingereza hupitia ubavuni: Mweupe anasogeza kitunda hadi c4. Mweusi akijibu c5, ndio huitwa mwanzo wa Kiingereza uliolingana. Jina linamkumbuka Howard Staunton, Mwingereza aliyeutumia dhidi ya Mfaransa Saint-Amant mjini Paris mwaka 1843.

Vitunda hivyo viko kando, lakini kazi yao ni katikati: cha c4 kinaichunga d5, cha c5 kinaichunga d4. Halafu farasi hutoka c3 na c6, vitunda hupanda g3 na g6, maaskofu hukaa g2 na g7 wakatawala mshazari mrefu, farasi wa pili hutoka f3 na f6, wafalme wakafichwa pembeni nyuma ya ngome zao, yote kwa hatua moja. Kila mmoja amecheza mara sita na pande mbili zinafanana kabisa.

Mtazamaji husema hapo pana sare tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Zamu ni ya Mweupe, na zamu hiyo moja ndiyo mali yake yote. Anaitumia kwa d4. Mweusi akiiga kwa d5, Mweupe ndiye anayekula kwanza, pale c5. Kwa hiyo Mweusi kwa kawaida hula d4, farasi wanakulana, na mwisho malkia wa Mweupe anasimama d4.

Tazama sasa. Malkia yuko katikati na Mweupe ana nafasi pana, lakini askofu wa g7 anamlenga malkia huyo, na kati yao yupo farasi wa f6 tu. Farasi akiruka, malkia anashambuliwa. Ndiyo maana Mweusi akisogeza d6, Mweupe mara nyingi humrudisha malkia d3.

Mweupe asiyetaka kufungua kati huenda polepole: a3, ngome b1, kisha b4. Na Mweusi anayechoka kufuata huvunja ulinganifu mapema: farasi wake akitangulia f6, anaweza kusukuma d5 hatua ya tatu tu, kabla Mweupe hajaamua lolote. Mimi humshauri anayeanza ajifunze njia hii ya mwisho kwanza, kwa sababu inamlazimu aamue mwenyewe badala ya kungoja kuamuliwa.