Hifadhi Ikifutwa, Ardhi Haiwi Yako

Juzi usiku, nikiwa bado kwenye foleni ya Mbagala, shemeji yangu alinipigia simu kwa furaha kubwa. Alikuwa amesikia kwamba msitu mmoja wa hifadhi mkoani Pwani umefutwa. "Shemeji, ardhi imerudi kwa wananchi, tuwahi ekari kumi kabla bei haijapanda." Ninafanya kazi ya mipango ya matumizi ya ardhi, na maneno hayo nimeyasikia misibani, kwenye daladala, na hata kutoka kwa viongozi waliopaswa kuwa wa kwanza kuyasahihisha. Safari hii nimeona afadhali niyaandikie.

Kosa liko kwenye neno "imerudi". Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, nayo imegawanywa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Hifadhi inapofutwa kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, kinachoondoka ni katazo tu. Ardhi yenyewe inatoka fungu moja na kuangukia jingine, kwa kawaida ardhi ya jumla, ambayo msimamizi wake ni Kamishna wa Ardhi. Jirani wa msitu hapati haki yoyote kwa sababu tu katazo limeondoka. Ili kijiji kiipate, kuna upimaji wa mipaka, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ulioridhiwa na mkutano mkuu wa kijiji, ndipo zifuate hatimiliki za kimila. Na hata kijiji kikishaipata, sheria hiyo hiyo Na. 4 inaihesabu ardhi ya kijiji isiyotumika kuwa sehemu ya ardhi ya jumla, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo haisemi hivyo. Sheria mbili zilizozaliwa pamoja hazikubaliani juu ya maana ya neno moja, na anayeumia ni mwanakijiji aliyeacha shamba lipumzike.

Kati ya tangazo na upimaji kuna pengo, na pengo hilo linaweza kuchukua miaka. Askari wa misitu hana tena mamlaka pale, na kijiji bado hakijayapata. Nimetembea katika maeneo ya namna hiyo: walioingia kwanza si wale akina mama waliokuwa wakifukuzwa wakiokota kuni, bali wenye malori ya mkaa na wenye trekta, ambao walikuwa na fedha mkononi siku ile ile habari ilipotoka.

Sasa nifike kwenye maneno yanayonikera kuliko yote: "eneo lililopoteza sifa". Ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi hifadhi inapopunguzwa au kufutwa, na inasemwa kana kwamba msitu ulijivua sifa wenyewe. Sifa ilipotea kwa sababu mtu alikata miti, mwingine akaona akanyamaza, na wa tatu akaandikisha makazi mahali ambapo ramani ya hifadhi ilikuwa inaonyesha msitu. Tukishakubali kwamba uharibifu ni sababu ya kutosha ya kufuta hifadhi, tumemwambia kila mwenye msumeno kwamba akivumilia miaka michache, kazi yake itahalalishwa. Zaidi ya hapo, mara nyingi hukumu hiyo haina msingi wa kitaalamu. Msitu wa miombo uliokatwa kwa ajili ya mkaa huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi, mradi usilimwe wala kuchomwa moto kila mwaka. Anayepita leo akaona vichaka anaweza kuwa anautazama msitu unaorudi. Misitu ya pwani kama Pugu na Kazimzumbwi ni jambo jingine, kwa kuwa ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingi duniani, na wakitoweka hakuna kisiki kitakachowarudisha.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 2017 Rais Trump alipunguza eneo la hifadhi la Bears Ears, jimboni Utah nchini Marekani, kwa takriban asilimia 85, na hoja mojawapo ilikuwa kuwarudishia wenyeji sauti juu ya ardhi. Ardhi ilibaki mali ya serikali kuu vile vile. Kilichobadilika ni kwamba katika sehemu iliyoondolewa ilikuwa inawezekana tena kuweka madai mapya ya uchimbaji madini, huku makabila ya asili yaliyokuwa yameomba eneo hilo lilindwe yakienda mahakamani. Mwaka 2021 Rais Biden aliirejesha mipaka. Hapa kwetu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iliruhusu utafutaji na uchimbaji wa urani, mafuta na gesi ndani ya mapori ya akiba, na mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous kama eneo la urithi wa dunia ukasogezwa ili kupisha mradi wa urani wa Mto Mkuju. Sijamwona mkulima yeyote aliyegawiwa shamba kutokana na badiliko hilo.

Hata hivyo siwezi kusema kila hifadhi ibaki ilivyo. Mipaka mingine ilichorwa wakati wa ukoloni juu ya mashamba ya watu. Mwaka 2019 Serikali ilipoamua kwamba vijiji na mitaa 920 kati ya 975 yenye migogoro ya hifadhi visiondolewe, nilifurahi kwa ajili ya watu ninaowafahamu, walioishi miaka mingi wakingoja kubomolewa. Zamani nilikuwa nikishikilia kwamba upimaji utangulie na kufuta kufuate. Siku hizi nasitasita, kwa sababu wakati wapimaji wakingojwa, hakuna anayethubutu kujenga darasa wala zahanati katika eneo ambalo kisheria bado ni msitu. Kila mpangilio kati ya hiyo miwili una watu wake wa kuumia, nami sijapata wa tatu.

Shemeji aliniuliza hayo yanamhusu nini yeye anayekaa Mbagala. Nilimkumbusha Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Mto huo unapata maji yake kutoka milima ya Uluguru, na misitu ya huko nayo iko katika fungu lile lile la ardhi ya hifadhi.

Kisha nikamwambia amwombe muuzaji vitu vitatu: namba ya tangazo la Serikali lililofuta hifadhi, ramani ya mipaka mipya, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliogawa eneo. Muuzaji alimjibu kwamba hayo yote yako njiani, ila malipo ya awali yanahitajika kabla ya Ijumaa.