Tanga hadi Dar kwa ndege: dakika 40 za kwenye karatasi

Kwa sisi tunaopanga safari za ndege ndogo hapa Tanga, umbali wa kwenda Dar es Salaam ni hesabu ya kichwani. Viwanja viwili hivi vimekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Cha Tanga kipo latitudo ya nyuzi 5 na dakika 5 kusini, cha Dar, Julius Nyerere, nyuzi 6 na dakika 52. Ukitoa, ukikumbuka kila nyuzi ina dakika 60, zinabaki dakika 107 za ramani, na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Maili 107, kilomita 198 na ushei. Dar imesogea mashariki kidogo, lakini hilo haliongezi hata kilomita moja. Basi linatembea kama kilomita 350, maana barabara inakupeleka kwanza magharibi hadi Segera, inateremka Chalinze, ndipo inakurudisha pwani.

Kwenye muda ndiko watu wanakogombana na sisi. Cessna Caravan, ile ya injini moja iliyozoeleka huku, naipangia mwendo wa maili 160 za bahari kwa saa. Hapo unapata dakika 40. Tovuti zinazopiga hesabu kwa mwendo wa jeti, hizo achana nazo.

Dakika 40 ni za hewa tulivu. Kusi likivuma, likikupinga kwa maili 15 tu kwa saa, kwenda Dar inakuwa dakika 44 na kurudi 37. Jumlisha: 81, si 80. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu unakaa ndani yake muda mrefu zaidi pale unapokupinga. Kaskazi likiingia, mambo yanageuka.

Halafu kuna muda wa chini, ambao tovuti hazina habari nao. Ratiba yetu huanza kuhesabu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Tanga hiyo ni kufumba na kufumbua. Dar unaweza kuwekwa nyuma ya ndege kubwa, na rubani wa Caravan hana haraka ya kuingia kwenye hewa iliyovurugwa na mabawa yale. Anasubiri dakika mbili tatu, na mimi namuunga mkono.

Kinachobadilisha safari kuliko vyote ni vituo. Ukipitia Pemba (kilomita 84), kisha Unguja (125), kisha Dar (73), umeruka kilomita 282, bado pungufu ya basi. Hewani ni kama saa moja, lakini umetua mara tatu, na kila kituo cha njiani kinaweza kula robo saa ya kushusha na kupakia mizigo. Kwa hiyo mwenye ndege ya kuunganisha Dar aulize kwanza inatua wapi njiani, bei baadaye.