Akili mnemba mezani kwa wakili: usiiulize sheria, ipe sheria

Katika mafunzo niliyokuwa nikiendesha kwa mawakili vijana, mmoja wao aliniletea rasimu ya hoja za rufaa ya ardhi niipitie. Ilikuwa safi kuliko nyingi ninazosoma. Aya zimenyooka, Kiswahili kimetulia, na ukurasa wa tatu una kesi rejea nne za Mahakama ya Rufani, kila moja na utambulisho wake: mwaka kwenye mabano ya mraba, herufi TZCA, kisha tarakimu. Nikafungua TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya hukumu na sheria za Tanzania, kwenye simu. Ya kwanza haikuwepo. Ya pili ilikuwepo, ila namba ile ilifungua shauri la jinai la bangi. Ya tatu wadaawa, yaani pande za kesi, walikuwa wa kweli lakini hoja haikuwa yao. Ya nne ilikuwa sahihi kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu aziamini zile tatu.

Nikamuuliza, "Uliiambiaje hii mashine?" Akanionyesha simu. Alikuwa ameandika mstari mmoja: "Nipe kesi za Tanzania kuhusu mnunuzi wa ardhi kwa nia njema."

Vijana ofisini huo mstari wanauita prompti. Mimi nitauita agizo, maana ndivyo ulivyo: unamwagiza mtu kazi. Na agizo lile lilikuwa na kosa moja kubwa, kwamba liliiomba mashine kitu isichokuwa nacho. Programu kama ChatGPT au Gemini haina kabati la hukumu nyuma yake. Imesomeshwa maandishi mengi mno hata ikajua neno gani huelekea kufuata neno gani, kwa hiyo inajua vizuri sana jinsi rejea inavyofanana. Ukiiomba rejea, inakutengenezea kitu kinachofanana na rejea. Siku hizi nyingine zinaweza kutafuta mtandaoni kwanza, na hilo linasaidia, lakini hata zikipata hukumu ya kweli bado zinaweza kuisoma vibaya.

Haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la abiria aliyedai kuumizwa goti na toroli la chakula ndani ya ndege ya Avianca, mawakili wake waliwasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuamuliwa na mahakama yoyote. Mmoja wao alikuwa ameiuliza ChatGPT kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Jaji Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000, na akawaamuru wawaandikie barua majaji ambao majina yao yaliwekwa kwenye hukumu hizo za kubuni. Fikiria kuiandika barua hiyo.

La Uingereza ninalitumia zaidi darasani. Juni 2025 Mahakama Kuu jijini London ilitoa uamuzi uliogusa shauri la Al-Haroun dhidi ya Qatar National Bank, ambamo kati ya rejea 45 zilizowasilishwa, 18 hazikuwepo duniani. Utafiti huo hakuufanya wakili. Aliufanya mteja mwenyewe kwa msaada wa akili mnemba, na wakili akaupokea bila kuuhakiki. Kwetu mteja wa namna hiyo ameshafika. Anaingia ofisini na karatasi sita zilizochapwa stationery, anaziweka mezani na kusema, "Wakili, sheria hii hapa, wewe nisainie tu."

Sasa, sisemi tuache. Ninaitumia karibu kila siku, na wanaoikataa kwa jumla huwa hawajawahi kupewa mwenendo wa shauri wa kurasa 400 siku mbili kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Ninachosema ni kwamba kazi ya mashine ni kufanyia kazi maandishi, na maandishi hayo unayaleta wewe. Kifungu, barua, mkataba, hukumu uliyoipakua mwenyewe. Mchukulie kama kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeripoti leo asubuhi: ana kalamu nzuri, ana mbio, hajui faili wala mteja, na anaona aibu kusema "sijui". Kijana wa namna hiyo huwezi kumwambia "andika hoja" ukaenda chai.

Tuchukue mfano wa mgogoro wa kazi, maana ndio unaogusa watu wengi. Ukiandika "Niandikie hoja za mteja aliyeachishwa kazi isivyo halali", utapata kurasa mbili za maneno matamu ambazo ukizichunguza zina nchi tatu ndani. Kuna kipande cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kuna utaratibu wa tume ya usuluhishi ya Afrika Kusini, na katikati jina la CMA yetu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, limetiwa kama chumvi. Hata "Tanzania" peke yake haitoshi, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya ajira. Sema Tanzania Bara.

Hili hapa ni agizo ninalowapa wanafunzi, kwa mteja wa mfano:

"Unamsaidia wakili wa Tanzania Bara kujiandaa kwa mahojiano na mteja. Mteja, M, alikuwa mtunza stoo kwa mkataba usio na ukomo. Tarehe 3 Machi alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa madai ya upotevu wa mali. Anasema hakuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Leo ni tarehe 28 Machi. Mgogoro haujafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapa chini nimebandika maandishi ya kanuni ya muda wa kufungua mgogoro na ya kanuni ya utaratibu wa nidhamu. Kwa kutumia maandishi hayo pekee: kwanza, niambie kama kuna jambo la haraka, pili, niandikie maswali ya kumuuliza M, na kila swali ulifungamanishe na maneno ya kanuni linakotoka. Usitaje kesi yoyote. Jambo lisilokuwemo kwenye maandishi, andika: haimo."

Tazama kilichobadilika. Zile tarehe mbili ndizo roho ya agizo. Chini ya Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za 2007, Tangazo la Serikali Na. 64, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. M amebakiwa na siku tano, mwisho tarehe 2 Aprili. Agizo la mstari mmoja lisingeweza kuliona hilo hata kwa bahati. Na hata ukipewa jibu, hesabu siku kwa kalenda ya ukutani. Mashine hizi huteleza kwenye hesabu ndogo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ukibandika kanuni ya utaratibu wa nidhamu kutoka Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, maswali yanakuwa na meno. Je, uchunguzi ulifanyika kabla? M aliandikiwa tuhuma kwa lugha anayoielewa? Alipewa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48? Alikuwa na mwenzake wa kumsindikiza? Hapo mashine imefanya kazi ya ukarani, kwa haraka, na wewe umebaki na uwakili.

Lile neno "haimo" msilidharau. Kijana anayeona aibu kusema hajui, umempa ruhusa. Nimeona majibu yakipungua urefu kwa nusu baada ya kuongeza sentensi hiyo, na nusu iliyotoka ilikuwa ya kubuni.

Baada ya hapo agizo la pili, ambalo wengi hawalifikii: "Sasa wewe ni wakili wa mwajiri. Kwa ukweli huuhuu, nionyeshe udhaifu wa upande wa M." Mashine hizi zina tabia ya kumpendeza mwenye kuuliza. Ukiingia na hasira ya mteja wako, itakuunga mkono mpaka mwisho. Lazima uigeuze kwa makusudi. Katika mfano wetu, jambo la kwanza litakaloibuka ni kwamba "hakuitwa kwenye kikao" ni kauli ya M mwenyewe. Je, kuna barua ya wito aliyokataa kuipokea? Ni heri uulize hayo ukiwa na mteja ofisini kuliko kuyasikia mbele ya mwamuzi.

Kufupisha hukumu nako kuna mtego wake. Kila aliyesoma sheria Tanzania anaijua Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Iombe mashine muhtasari, nao utakuja na msimamo huo, na utaondoka ukidhani Bi Hawa alipata mgawo. Hakupata. Mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe akazitumia ovyo ndizo zilizokuwa sehemu yake, na rufaa ikatupwa. Wakili anayeitaja kesi hii bila kujua mwisho wake anampa mpinzani zawadi. Kwa hiyo bandika hukumu yenyewe, halafu agiza: nani alikata rufaa, aliomba nini, alipata nini, na sababu iko aya au ukurasa gani. Kisha fungua ukurasa huo.

Kuhusu namba za vifungu nitasema kwa ufupi, ila msiruke. Toleo la Mwaka 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, yaani zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu tulivyovizoea vimehama namba. Mashine imesoma miaka mingi ya hukumu zenye namba za zamani. Itakupa ya zamani kwa kujiamini kabisa.

Lugha nayo ina mambo yake. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na wengi sasa wanaandika kwa Kiingereza walichozoea kisha wanaiagiza mashine itafsiri. Itafsiri, ndiyo, lakini kuna rufaa iliyotupwa baada ya kusikilizwa, ambayo hairudi, na kuna iliyoondolewa kwa kasoro ya uwasilishaji, ambayo inaweza kurekebishwa na kuletwa upya. Nimeona tafsiri ikiziita zote "imetupiliwa mbali". Nimeona mdaiwa wa shauri la madai akiitwa mshtakiwa ukurasa mmoja na mlalamikiwa ukurasa unaofuata. Dawa ni kuweka orodha yako ya istilahi juu ya agizo, maneno kumi au kumi na tano, na kuiamuru isitoke nje ya hayo. Ninayo yangu kwenye simu, ninaibandika kila mara.

La siri za mteja nimelichelewesha, ingawa kwa uzito lilistahili kuwa la kwanza. Unachokibandika kwenye programu ya bure kimeondoka ofisini kwako, na mara nyingi kimeondoka nchini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya mipaka, na wajibu wa wakili kutunza siri za mteja ulikuwepo kabla ya kompyuta. Ndiyo maana yule mtunza stoo ni M tu. Ondoa majina, namba ya NIDA, namba ya kiwanja na kitalu, akaunti ya benki, jina la hospitali. Kisha soma tena ulichobakiza, kwa sababu jina si kitambulisho pekee. Ukiandika "mkuu wa shule mwanamke pekee katika kisiwa hicho", umemtaja. Nyaraka nzima zilizopigwa picha usizipakie; mihuri na sahihi zinabaki hata ukifuta jina kwenye aya ya kwanza.

Na kwa mwananchi asiye wakili anayesoma haya: agizo la M linakufaa nawe. Ukiachishwa kazi, au mwenye nyumba akikuandikia notisi, usiiulize mashine kama utashinda. Iombe ikupangie matukio yako kwa tarehe, ikueleze kwa lugha nyepesi barua uliyopewa baada ya kufuta majina, na ikuandikie maswali ya kumpelekea wakili au msaidizi wa kisheria wa eneo lako. Karatasi ya tarehe na maswali inamwokolea wakili saa nzima. Zile karatasi sita za "sheria hii hapa" atalazimika kuzihakiki mstari kwa mstari, na muda huo utaulipia wewe.

Yule kijana wa rufaa ya ardhi aliandika upya. Alipakua hukumu mwenyewe, akazibandika, akaagiza kama tulivyofundishana. Safari hii rasimu ilikuwa na rejea mbili tu, na pembeni ya kila moja alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi ukurasa aliousoma.