Pointi za Beetle: yanayosemwa gereji na yanayotokea ndani ya distributa

Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na vumbi la Afrika Mashariki, ikitegemea pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Leo Beetle nyingi zilizobaki zinamisi, zinachemka au zinakataa mlima, na mara nyingi ubovu si wa gari. Ni mkono uliopanga pointi kwa imani badala ya kipimo.

Imani ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine, ni kwamba cheche huruka pointi zinapofunga. Ukweli ni kinyume. Pointi zikifunga, umeme wa betri hupita kwenye koili na kuijaza nguvu ya sumaku. Zikifunguka, umeme unakatika ghafla, sumaku inaanguka, na hapo ndipo koili inapotoa volti maelfu kwa maelfu kwenda kwenye plagi. Kwa hiyo muda wa kufunga ni wa kujaza, na pale zinapofunguka ndiyo taimingi yenyewe, yaani wakati wa cheche kuruka. Ukishika hilo, mengine yote yanafuata.

“Ongeza mwanya, cheche iwe kali.” Mwanya ni nafasi kati ya pointi zikiwa wazi kabisa, na imani hii imeharibu Beetle nyingi. Mwanya wa kiwandani ni milimita 0.4, na pointi zinatakiwa zikae zimefungwa kama digrii 44 hadi 50 katika kila digrii 90 za mzunguko wa distributa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 100 kila sekunde. Katika kila zamu ya milisekunde 10, koili inapata milisekunde tano hivi za kujaa. Ukitanua mwanya unaipunguzia muda huo, na upungufu hauonekani gari likiwa sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta; unaonekana barabarani, mwendo ukipanda, cheche inapokuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla hujaigusa. Kubana mwanya mno nako kuna madhara yake: pointi zinatoa cheche zenyewe kwa zenyewe na kuungua.

“Taimingi iko sawa, leo nagusa pointi tu.” Haiwezekani. Ukitanua mwanya, pointi zinafunguka mapema na taimingi inawahi. Ukiubana, inachelewa. Kila digrii moja unayoongeza kwenye muda wa kufunga inachelewesha moto kwa digrii moja ya kranki shafti, shafti kuu ya injini. Ndiyo maana hata gari ambalo halijaguswa na mtu hupoteza nguvu polepole: kipande cha faiba kinachosuguana na kem (sehemu ya shafti ya distributa yenye nundu zinazofungua pointi) kinalika, mwanya unapungua, taimingi inachelewa. Utaratibu ni mmoja tu, pointi kwanza, taimingi baadaye. Fundi anayeanza na taimingi anafanya kazi ambayo ataibomoa mwenyewe baada ya dakika tano.

Zungusha injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta mpaka faiba ikae kileleni kabisa mwa nundu ya kem. Legeza skrubu, ingiza fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.4, ihisi ikikwaruza kidogo, kaza. Kisha pima tena, maana kukaza skrubu mara nyingi kunasogeza mwanya. Halafu leta alama ya puli ya kranki shafti kwenye mstari unaogawa bloku, rota (kidole kinachozunguka ndani ya distributa) ikielekea silinda namba 1, na unganisha taa ndogo ya majaribio kati ya waya wa pointi kwenye koili na bodi. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa inatakiwa kuwaka pale pale alama inapofika mstarini, kwa sababu pointi ndipo zinapofunguka.

Alama ipi? Hapa pia watu wanadanganyana. Beetle nyingi za zamani huwekwa digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu, lakini baadhi za kuanzia 1971, zenye distributa ya mirija miwili ya vakyumu, huwekwa digrii 5 *baada* ya pistoni kufika juu, tena kwa taa ya kumweka injini ikiwa inawaka. Ukiziweka zote sawa umekosea mojawapo.

Tena usishtuke ukipima silinda namba 3 ukaikuta imechelewa digrii chache. Wengi huitupa distributa nzima hapo. Kwenye Beetle za zamani kipoza oili kilikuwa kinaizibia silinda hiyo hewa, inapata joto kuliko wenzake, kwa hiyo kiwanda kiliitengenezea nundu yake ya kem ili moto wake uchelewe kwa makusudi. Mimi naona ni kazi ya uhandisi ya kupendeza mno, na inasikitisha kuiona ikiitwa ubovu. Panga kwa namba 1, namba 3 iache.

Kupanga kwa sikio? Injini ikiwa sailensa hupenda taimingi iliyowahi, inalia vizuri, na sikio linaridhika. Mlimani, na petroli hafifu, taimingi hiyo hiyo inafanya injini igonge, na injini inayopozwa kwa hewa haisamehe: pistoni inatoboka.

Kondensa si ya kuzuia kelele za redio. Ndiyo inayopokea umeme pointi zinapoachana. Ikifa, pointi zinaungua na cheche ya plagi inafifia au inapotea kabisa. Msasa nao uache. Chembe zake zinabaki kati ya pointi. Pointi zenye shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili zinaidanganya geji, kwa hiyo nunua mpya, uzifute kwa karatasi safi kabla ya kufunga kava, na uweke grisi kidogo tu kwenye kem.

Wala usiache swichi wazi injini ikiwa imezimwa. Pointi zikiwa zimefunga, koili inapitisha umeme mfululizo na kuchemka bure.

Mwisho, shika shafti ya distributa na uitikise pembeni. Ikicheza, mwanya unabadilika kila mzunguko, na hakuna pointi mpya itakayoponya hilo. Badilisha bushi kwanza.