Neno "port" la Kiingereza: bandari, lango, mzigo na upande wa kushoto wa meli

Pale Mtwara mjini neno la Kiingereza "port" lina kazi nyingi. Wakala wa meli analiandika kwenye hati ya shehena, kuonyesha korosho zinapakiwa wapi na zitashushwa wapi. Fundi simu anakwambia poti ya chaji imekufa. Ofisa uhamiaji anataka kuona pasipoti. Baharia aliyesomea kazi yake analitumia kwa upande mmoja wa meli, hata meli hiyo ikiwa katikati ya bahari bila bandari yoyote karibu.

Mwanafunzi akifungua kamusi anakuta maana hizo zimepangwa kwa namba, naye anaanza kuzikariri. Nawasihi walimu wasimwache akariri. Hili si neno moja lenye maana nyingi. Ni maneno matatu ya Kilatini yaliyokuja kufanana sura, yakaongezewa jina la mji mmoja wa Ureno na amri moja ya jeshi la majini la Uingereza.

Kilatini kilikuwa na "portus", yaani bandari. "Porta", yaani lango. Na "portare", yaani kubeba. Yalipoingia Kiingereza, mengi yakipitia Kifaransa, miisho ikadondoka, yakabaki yanalingana. Sisi watu wa kusini tuna bahati ya kuishi jirani na lugha ambayo haikuidondosha. Mfanyabiashara wa kutoka Palma au Mocímboa da Praia, ng'ambo ya Ruvuma, anaposema "porto" kwa Kireno anataja bandari, na anaposema "porta" anataja mlango. Wataalamu wa lugha wanayarudisha maneno yote matatu kwenye shina moja la zamani zaidi lenye maana ya kuvuka au kupita. Bandarini watu hupita, langoni hupita, na anayebeba huvusha kitu kutoka hapa kwenda kule.

Tuanze na bandari. Kiingereza hutenganisha "harbour" na "port", ila Kiswahili tunasema bandari kwa yote mawili, ndiyo maana wengi wetu tunayachanganya. La kwanza ni maji yaliyokingwa na mawimbi, na asili yake ya kale ni kimbilio la jeshi. La pili ni mahali pa shughuli: gati, maghala, forodha, watu wa kupakia na kupakua. Mikindani ilikuwa na maji tulivu ya kutia nanga karne nyingi, na David Livingstone aliteremkia hapo mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Lakini meli kubwa za kisasa zilihitaji kina, na Mtwara ilikuwa nacho. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, ndio ulioleta mpango wa kujenga gati Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindwa vibaya, reli ikaja kung'olewa, gati likabaki.

Katika ukoo huu wa bandari kuna neno ninalolipenda kuliko yote: "opportunity", yaani fursa. Warumi walikuwa na neno "opportunus", lililojengwa kwa maneno mawili yenye maana ya kuelekea bandarini. Walilisema juu ya upepo. Upepo unaokusukuma kuelekea bandarini ni upepo wa wakati mwafaka, na kutoka hapo likaja kutumika kwa jambo lolote linalokuja kwa wakati wake. Mtu wa pwani ya Lindi hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Kilwa iko karibu na mwisho wa umbali ambao jahazi la Arabuni lingeweza kuufikia na kurudi ndani ya msimu mmoja wa pepo hizo, na wanahistoria wanaitaja hali hiyo kuwa sababu mojawapo ya Kilwa Kisiwani kutajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Fursa kwa maana yake kamili ya Kirumi ilikuwa inavuma pale kila mwaka.

Upande wa lango tunakutana na fundi simu. Anaigeuza simu kwenye mwanga, anaingiza sindano kwenye tundu la chaji, anachomoa kijifungu cha pamba ya mfukoni ambacho waya umekigandamiza siku hadi siku mpaka kikawa kigumu. Kisha mswaki na spiriti kidogo, na chaji inaingia. Tundu hilo linaitwa poti kwa sababu ni lango: umeme na mafaili hupita hapo. Madirisha ya duara ubavuni mwa meli na matundu ya mizinga ya manowari za zamani yalipata jina lao humo humo. Kompyuta nayo ina malango yasiyoshikika, yanayotajwa kwa namba kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti yenye usalama kwa kawaida hupitia namba 443.

Ukoo wa kubeba tumeuchukua mzima mzima bila kujua. Ripoti ni kitu "kilichobebwa na kurudishwa": umetumwa, umeona, umeleta habari. Sapoti ni kubeba kutoka chini, kama nguzo inavyofanya. "Import" ni kubeba kuingiza, "export" ni kubeba kutoa, na "porter" ni yule ambaye Kiswahili kinamwita mpagazi. Misafara ya pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia Lindi na Kilwa, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi. Hata "sport" imo. Ilitoka kwenye neno la Kifaransa cha kale la kuibeba akili na kuipeleka pembeni, yaani kujiburudisha.

Mvinyo uitwao port hauna mengi. Umechukua jina la Porto, mji wa Ureno uliokuwa ukiusafirisha, na Porto yenyewe maana yake ni bandari.

Upande wa meli ndio uliozaliwa kwa hofu ya ajali. Zamani usukani wa meli za Ulaya ya kaskazini ulikuwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kulia, kwa hiyo upande huo ukaitwa ubao wa kuongozea, "starboard". Ili kasia lisipondwe, chombo kilisogezwa gatini kwa ubavu wa kushoto, na mizigo ikapitia huko. Upande huo ukaitwa "larboard". Sasa jaribu kuyatamka yote mawili kwa kelele katikati ya dhoruba! Mshika usukani akisikia vibaya, meli inagonga mwamba. Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza wakaamuru "larboard" iachwe na itumike "port", neno ambalo mabaharia walikuwa nalo tayari kwa sababu huo ndio upande uliotazama bandari.

Haya ya pande yana faida kwa yeyote anayeendesha boti ya mashine usiku kati ya Msangamkuu na bahari kuu. Taa ya port ni nyekundu, ya "starboard" ni ya kijani. Ukiona nyekundu ya chombo cha mashine kinachokatiza mbele yako kikitokea kulia, unatazama ubavu wake wa kushoto, na kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano wewe ndiye wa kupisha.